Boti ya faiba: dalili za ubovu na unene wa tabaka unaozileta

Ukikaa na mafundi wa boti pale Deep Sea, Sahare au Kigombe, pwani ya Tanga, utasikia malalamiko yale yale yakirudi kila msimu. Sakafu inanesa. Uso wa nje umejaa nyufa nyembamba. Tumbo limetoka malengelenge. Kiraka cha mwaka jana kimebanduka. Mwenye boti husema rezini, yaani gundi ya majimaji inayolowesha nyuzi za faiba na kuwa ngumu, ilikuwa mbovu, fundi naye husema kusi ya mwaka huu ilikuwa kali. Mimi nasema kabla ya kulaumu rezini au upepo, pima. Mengi ya matatizo haya chanzo chake ni unene wa tabaka, au namna unene huo ulivyopatikana, na unene ni kitu kinachopimika.

Nimepanga kwa dalili. Katika kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiogharimu kitu umetangulia grenda. Tafadhali fuata mpangilio huo. Boti nyingi huharibiwa na mtu aliyeanza kuchimba kabla ya kujua anatafuta nini.

Hesabu za kujua kwanza

Mati ya faiba, yaani mkeka wa nyuzi za kioo, ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ikilowa vizuri na kukandamizwa kwa rola, hutoa tabaka ya karibu milimita 1, nayo hunywa rezini kama kilo 1 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo mati tano ni milimita 5 hivi. Hii ndiyo hesabu ya kwanza ya fundi.

Ya pili ndiyo inayosahaulika. Unene, uzito na ukakamavu haviendi sambamba. Kipande bapa cha faiba kikiongezwa unene mara mbili, uzito unaongezeka mara mbili, uwezo wake wa kuhimili kupindwa bila kuvunjika unaongezeka mara nne, na ukakamavu wake, yaani ukaidi wake wa kutobonyea, unaongezeka mara nane. Kutoka milimita 4 kwenda 5 umeongeza robo tu ya uzito, lakini ukakamavu umekaribia kuwa maradufu. Igeuze hesabu hiyo: fundi aliyebana matumizi akaacha mati moja kati ya tano ameondoa karibu nusu ya ukakamavu wa eneo lile, na kwa macho huwezi kumkamata.

Lakini hesabu hiyo inasimama pale tu unene unapokuja na nyuzi. Ukimwaga kilo 2 za rezini juu ya mati ile ile moja, utapata unene wa karibu milimita 1.8, huku nyuzi zikibaki gramu 450 zile zile. Rezini isiyo na nyuzi ni ngumu kuigusa lakini hupasuka upesi. Boti nzito yenye ukuta mnene inaweza kuwa dhaifu kuliko nyepesi iliyokandamizwa vizuri, na wanunuzi wengi hudanganyika hapo, kwa sababu wanagonga ukuta kwa ngumi na kuridhika.

Kupima usitoboe tumbo la boti. Tumia matundu yaliyokwisha kuwepo: tundu la kizibo cha kutolea maji, tundu la bolti ya kishikio, ukingo wa mfuniko wa sanduku. Kipimo cha vernia kinatosha. Mahali vernia isipoingia, kunja ncha ya waya, ingiza, ikwame upande wa pili, weka alama, kisha pima. Kama kuna kipande kilichokatwa wakati wa kufunga kifaa, usikitupe. Kipime uzito kwa mizani ya sonara, kichome nje, mbali na watu, usivute ule moshi, halafu pima kilichobaki. Rezini itaungua na kioo kitabaki. Kwa mati, kioo kiwe kama asilimia 30 hadi 35 ya uzito wa mwanzo. Kwa kitambaa cha kufuma kifike 45 hadi 50. Ikiwa kimeshuka chini ya 25, unene ule ni rezini. Tena tabaka zilizoungua huachana zenyewe, unazihesabu moja moja kwa kidole na kujua kama ulipewa tano ulizolipia.

Dalili: sakafu, tumbo au ubavu unanesa

Nahodha huijua dalili hii kabla ya fundi. Anapokata mawimbi anahisi tumbo linapumua chini ya miguu.

Sababu inayoongoza si ukuta mwembamba. Ni taruma (mbavu ya ndani inayoshikilia tumbo) lililoachia. Mataruma hushikiliwa na vipande vya mati vilivyopita juu yake na kushuka kwenye tumbo, na vipande hivyo vikiwa vyembamba, au vikibandikwa bila msasa, huanza kubanduka kwenye kingo. Taruma likishaachia, eneo lililokuwa na upana wa sentimita 40 kutoka taruma hadi taruma linakuwa la sentimita 80, na ukuta ule ule unaonekana mwembamba ghafla. Kwa hiyo tazama mataruma kwanza. Ingiza bisibisi bapa kwenye ukingo bila nguvu. Bonyeza tumbo kwa mkono huku mwenzako akiangalia kama mwanya unafunguka.

Kama mataruma ni mazima, gonga kwa sarafu au mpini wa bisibisi, ukienda hatua kwa hatua. Sauti kavu, kali, ni nzuri. Sauti butu inaashiria maji ndani au tabaka zilizoachana (ruka hadi dalili hiyo chini), isipokuwa sehemu zilizojazwa povu, ambazo husikika butu hata zikiwa salama. Ikibaki kwamba ukuta ni mwembamba kweli, ndipo upime.

Ukuta mwembamba una tiba mbili. Ya kwanza ni kuongeza tabaka kwa ndani: sugua mpaka ung'aro wote uishe na nyuzi zianze kuonekana, futa kwa asetoni, acha ikauke, weka mati mbili au tatu, kila moja ikipita ukingo wa iliyotangulia kwa sentimita chache ili unene ushuke polepole. Ukikata tabaka zote mstari mmoja umetengeneza ngazi, na ufa utaanzia hapo hapo kwenye ngazi. Tiba ya pili, ambayo mimi huipendelea kwa boti za uvuvi kwa sababu haiongezi uzito mwingi, ni kuongeza taruma katikati ya yaliyopo. Kupunguza upana usioshikiliwa kuna faida kubwa kuliko kuunenepesha ukuta wote.

Acha na umwite fundi mzoefu wa faiba kama mataruma mawili au zaidi yameachia, kama kunesa kumefika kwenye mkuku (uti wa chini wa boti), au kama boti inabeba abiria. Boti ya abiria iliyofanyiwa ukarabati wa tumbo isirudi kazini kabla mkaguzi wa vyombo hajaiona.

Dalili: nyufa nyembamba kwenye gelkoti (tabaka ya nje yenye rangi, isiyo na nyuzi)

Mchoro wa nyufa unasema chanzo chake, kwa hiyo usikimbilie puti. Paka wino au masizi juu, futa kwa kitambaa, na mistari yote itajitokeza.

Nyufa zikitapakaa bila mpangilio, hasa kwenye kona za ndani na mikunjo, gelkoti ni nene kupita kiasi. Unene wake mzuri ni kama milimita 0.4 hadi 0.6. Ikipita 0.8, na kwenye kona za kalibu (umbo ambamo boti hutengenezwa) brashi huacha hata milimita 2, inakuwa gamba gumu lisiloweza kupinda pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Fundi aliyeiweka alidhani anaongeza ulinzi. Tiba ni kuiondoa sehemu hiyo yote na kuiweka upya kwa unene sahihi. Kuziba ufa mmoja mmoja ni kazi ya kurudia kila mwaka.

Nyufa zilizolala sambamba, zikifuata ukingo wa taruma au kona ya benchi, zinaonyesha kwamba ukuta unapinda pale. Ugonjwa si wa gelkoti. Rudi kwenye dalili ya kunesa, tibu huko, ndipo uje kwenye uso.

Nyufa za duara au za nyota zimetokana na kugongwa, na Tanga, ambako maji yakipwa boti hulala juu ya mwamba na matumbawe, hizi ni nyingi. Angalia upande wa ndani wa sehemu ile ile. Ukiona weupe ndani ya faiba, nyuzi zimeachana na rezini, na kazi si ya kupaka tena.

Acha kama ncha ya kisu inaingia ndani ya ufa kupita gelkoti, au kama ufa unatoa maji siku ya pili baada ya boti kupandishwa.

Dalili: malengelenge chini ya mstari wa maji

Boti inayovutwa pwani kila jioni huyapata kwa nadra. Inayoelea kwenye nanga miezi mingi mfululizo ndiyo inayoathirika, kwa kuwa faiba ya poliesta (aina ya kawaida ya rezini ya boti) hupitisha maji kidogo kidogo. Maji yakikuta ndani mabaki ya kemikali yasiyokauka huungana nayo, hutengeneza majimaji yenye tindikali, na shinikizo lake huinua uso.

Sababu, kwa kuanza na inayotokea zaidi: gelkoti nyembamba, chini ya milimita 0.3, au yenye vitundu vya sindano. Tabaka ya kwanza nyuma ya gelkoti kubaki kavu, na hewa kati ya nyuzi. Rezini kutiwa hadina (dawa ya kuikausha) kidogo. Vaa miwani, toboa lengelenge moja. Majimaji yakirukia nje na kunuka kama siki, ni ugonjwa huu. Kama ni makavu, au yako kwenye rangi peke yake, basi ni rangi iliyopakwa juu ya unyevu, na msasa unatosha.

Haraka ndiyo adui hapa. Fungua malengelenge, ondoa gelkoti iliyoharibika, osha kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, mara nyingi kwa siku kadhaa ili tindikali itoke, kisha acha boti ikauke chini ya kivuli chenye upepo. Januari na Februari, kabla ya masika, ndio wakati mzuri wa kazi hii kwetu. Kujua kama imekauka, bandika karatasi ya nailoni kwa utepe pande zote nne na iache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, subiri. Ikikauka, paka epoksi (rezini ya aina nyingine) tabaka kadhaa nyembamba mpaka jumla ifike karibu milimita 0.3. Tabaka moja nene haileti matokeo yale, kwa sababu kitundu cha tabaka moja huzibwa na inayofuata, lakini kitundu cha tabaka nene hubaki wazi hadi chini.

Kumbuka pia kwamba gelkoti ya poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Ukishaweka epoksi, malizia na rangi inayokubaliana nayo. Na mati ya kawaida usiiloweshe kwa epoksi: gundi inayoshika nyuzi zake huyeyushwa na stairini, kemikali iliyomo kwenye poliesta, na epoksi haina stairini. Tumia kitambaa cha kufuma.

Dalili: kiraka kimebanduka, au tabaka zinaachana

Sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu ni maandalizi. Poliesta ikishakauka kupita siku moja hivi, tabaka mpya haiungani nayo kikemia, inashika tu kwenye mikwaruzo. Hakuna mikwaruzo, hakuna mshiko. Rezini yenye nta ni hatari zaidi, kwani nta huelea juu na kuacha uso laini. Nta iwekwe kwenye tabaka ya mwisho tu. Jasho la mkono, chumvi na umande wa asubuhi vinafanya kazi ile ile ya kuzuia.

Sababu inayofuata ni umbo la kiraka. Watu huchonga tundu, hukata mati ukubwa wa tundu, huzijaza. Hicho ni kizibo. Kingo za tundu zinatakiwa zichongwe mteremko wa 1 kwa 12: ukuta wa milimita 6 unahitaji mteremko wa milimita 72 kila upande, kwa hiyo tundu la upana wa ngumi linazaa kiraka cha upana wa sahani kubwa ya pilau. Fundi anayekuambia hiyo ni kupoteza mati hajawahi kuulizwa na mawimbi. Kisha jaza tabaka kwa tabaka mpaka ufikie unene wa awali. Kiraka chembamba kuliko ukuta hupinda kupita jirani zake na kuchanika ukingoni. Kilicho kinene mno hakipindi, na ukuta wa pembeni ndio unaochanika.

Puti si tabaka. Inasawazisha uso, haibebi mzigo hata ikiwa na unene wa sentimita.

Acha kama sauti butu imeenea zaidi ya upana wa kiganja chini ya mstari wa maji, au kama uharibifu uko kwenye mkuku au omo (sehemu ya mbele ya boti).

Dalili: rezini inanata, haikauki

Poliesta isiyo na nta hunata kidogo juu kwa sababu hewa huzuia uso kukauka. Hiyo ni kawaida, na inasaidia tabaka inayofuata kushika. Tatizo ni pale kucha inapozama.

Angalia hadina kwanza. Kiasi ni asilimia 1 hadi 2: gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya rezini. Kwa joto la Tanga wengi hupunguza ili wapate muda wa kufanya kazi, jambo linaloeleweka, lakini ukishuka chini ya 1 rezini huenda isikomae kamwe hata ukisubiri mwezi. Punguza kiasi unachochanganya kwa mara moja, usipunguze uwiano.

Kisha angalia unene. Rezini hukauka kwa joto inalolizalisha yenyewe. Tabaka nyembamba sana hupoteza joto hilo, na upepo wa baharini huondoa stairini kabla haijafanya kazi yake. Ndiyo maana rezini iliyobaki kwenye ndoo inafuka moshi wakati ile ile uliyopaka ukutani bado inanata. Gelkoti iliyopakwa chini ya milimita 0.3 inaingia hapa, na mara nyingi hujikunja pale stairini ya tabaka inayofuata inapoishambulia. Kizuie kiwanja kwa turubai upande wa upepo.

Onyo la usalama, na ninalisema kwa uzito wote: hadina na kobalti (dawa ya kuharakisha ukaukaji) visikutane moja kwa moja. Vikichanganywa vyenyewe vinaweza kuwaka au kulipuka. Kobalti huchanganywa kwenye rezini kwanza mpaka ichanganyike kabisa, hadina baadaye. Hadina ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi muda huo huo, usikatize kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Dalili: kazi imepinda, imebadilika rangi au imetoa moshi

Hii ni kinyume chake. Tabaka nyingi zimewekwa kwa mpigo, joto limekosa pa kutokea, rezini imechemka, imesinyaa na kuvuta kila kitu. Weka mati tatu au nne za gramu 450, acha zikomae na kupoa, ndipo uendelee. Jua la saa saba mchana likiwa juu ya kalibu, ziwe mbili. Sehemu iliyogeuka kahawia na kupasuka ndani haiokoleki, ikatwe.

Dalili: nyuzi zinaonekana kupitia uso

Gelkoti nyembamba, au kitambaa kizito cha kufuma kimewekwa mara tu nyuma yake. Ni suala la sura zaidi ya usalama. Kwa boti ijayo tanguliza mati nyepesi kabla ya kitambaa.

Dalili: tezi inacheza mashine ikishika kasi

Ukuta wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti unaobeba mashine, ni faiba nje, mbao au plaiwudi katikati, faiba ndani. Nguvu yake yote imo katika tabaka hizo tatu kukaa pamoja, kwa kuwa faiba mbili zilizotenganishwa na mbao hushirikiana kubeba. Mbao ikioza, zinabaki ngozi mbili nyembamba, kila moja peke yake, na ukakamavu wa tezi unaporomoka ingawa kwa nje unene unaonekana ule ule.

Maji huingilia karibu kila mara kwenye matundu ya bolti yasiyozibwa. Inua mashine, shika mguu wake, itikise taratibu juu chini huku mtu akitazama kona ambapo tezi inakutana na ubavu. Kona ikifunguka, au bolti ikitoa maji ya kahawia unapoilegeza, mbao imekwisha. Bolti kuzama ndani ya uso kila unapokaza ni ishara ile ile.

Hapa hakuna tiba ya nyumbani. Kubandika mati juu ya mbao iliyooza ni kuificha. Tezi inafunguliwa, mbao yote inatolewa, mpya inawekwa na kufungwa upya, na hiyo ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya. Mpaka atakapokuja, shusha mashine boti ikiwa pwani, na usiende nayo hata safari fupi ya kuvuka ghuba.